Orodha Moja ya Watumishi, Seva za Aina Mbili

Kampuni ya ukubwa wa kati, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mara nyingi huwa na seva za aina mbili. Windows Server hubeba mafaili ya ofisi, printa na mfumo wa uhasibu. Linux hubeba tovuti, hifadhidata na zile programu zilizoandikwa na vijana wa idara ya TEHAMA wenyewe. Kila upande una orodha yake ya watumiaji. Mhasibu mmoja huwa na nywila ya kompyuta, nyingine ya hifadhidata, nyingine ya mfumo wa likizo, na nyingine ya seva ya ripoti anayoifungua mwisho wa mwezi tu. Basi kila mwisho wa mwezi huwa ameisahau. Ndipo huzuka pendekezo: orodha ziunganishwe, mtu aandike nywila mara moja asubuhi, seva zote zimtambue mpaka jioni.

Pendekezo hilo lina wapinzani, na hoja zao zina uzito. Mjadala huu unawaweka mezani watu wanne: msimamizi wa seva za Windows, msimamizi wa seva za Linux, mkaguzi wa ndani na afisa utumishi. Watu hao ni wa kubuni, na vyeo vyao vinatosha kuwatambulisha. Mifano wanayoitaja ni ya kweli.

“Watu wanapoteza muda,” anaanza msimamizi wa Windows. “Jumatatu asubuhi simu zinazoingia kwangu karibu zote ni za nywila zilizosahauliwa. Na aliyechoka kusahau huiandika kwenye karatasi, akaibandika chini ya kibodi.”

“Mwanangu, hilo ni kweli,” anajibu mkaguzi, “lakini kwa sababu hiyo peke yake nisingeunga mkono bajeti yako. Usumbufu wa nywila ni wa tangu zamani.”

Mama huyu hakosei. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha uchunguzi wao wa nywila 3,289 za watumiaji wa Unix. Asilimia 86 zilikuwa dhaifu: fupi mno, au zenye herufi tupu, au maneno yanayopatikana kwenye kamusi. Kwa miaka mingi baadaye ofisi zilijaribu kuponya udhaifu huo kwa kuwalazimisha watu wabadilishe nywila kila baada ya muda, mpaka mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa mwongozo unaokataa desturi hiyo, kwa kuwa mtu anayelazimishwa kubadilisha huongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea na yake.

“Basi niseme mimi,” anaingia afisa utumishi. “Mtu akiacha kazi hapa, mimi ndiye wa kwanza kujua. Napokea kitambulisho, napokea kompyuta, nafunga mshahara. Baada ya hapo namwandikia barua pepe dada wa Windows, naye anafunga akaunti. Lakini seva za Linux ziko ngapi? Nani ana akaunti kwenye ipi? Hakuna aliyewahi kunipa orodha.”

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo mjadala huu ulipaswa kuanzia. Urahisi wa kuandika nywila mara moja ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba mtu anapoondoka pawe na mahali pamoja pa kumfungia.

Mkaguzi ana mfano. Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake hubeba karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, ilisimamisha kazi baada ya wahalifu kufunga kompyuta zake na kudai kikombozi. Foleni zikajaa vituoni. Kampuni ililipa bitcoin 75, wakati ule zikiwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 4. Mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu wake, Joseph Blount, aliliambia Baraza la Seneti kwamba wavamizi waliingia kupitia mlango wa zamani wa kuunganishwa na mtandao wa kampuni kutoka nje, mlango ambao haukukusudiwa kuwa bado unatumika. Ulihitaji nywila tu, bila hatua ya pili ya kuthibitisha.

“Akaunti iliyosahauliwa,” anasema mkaguzi. “Mimi nikija kukagua, swali langu la kwanza si kama nywila zenu zina herufi kumi na mbili. Nauliza: nionyesheni kila akaunti iliyo hai, na mtu anayeimiliki. Kaka wa Linux, unaweza kunionyesha leo?”

“Leo siwezi, Mama,” anakiri msimamizi wa Linux. “Nitalazimika kupita seva moja baada ya nyingine.”

“Basi tuzungumze namna ya kuunganisha,” anasema msimamizi wa Windows, akigeuka kumwelekea. “Kaka, chombo chenyewe kina asili ya kwenu. Itifaki ya Kerberos ilizaliwa chuo cha MIT, katika Mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983, na ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Unix. Microsoft iliikuta tayari. Ilipotoa Windows 2000, ikaiweka Kerberos toleo la 5 ndani ya Active Directory, orodha yake ya watumiaji. Pande zetu mbili zina itifaki moja tangu wakati huo.”

Ni vizuri msomaji aone jinsi itifaki hiyo inavyofanya kazi, maana mengi yanayofuata yanatokana nayo. Msingi wake ni mpango uliochapishwa na Roger Needham na Michael Schroeder mwaka 1978. Mtumishi anaandika nywila yake asubuhi, na nywila hiyo haisafiri kwenye mtandao. Kompyuta huitumia kuzalisha ufunguo, hufunga kwa ufunguo huo saa na dakika ya wakati ule, kisha huituma kwenye seva kuu ya kikoa, yaani ile inayotunza orodha ya watumiaji. Seva kuu inao ufunguo huohuo. Ikifaulu kufungua ujumbe hujua kwamba aliyeandika ndiye, na humpa tiketi. Katika Active Directory tiketi hiyo huishi saa 10, mipangilio isipobadilishwa, muda unaotosha siku moja ya kazi. Mtumishi akitaka kufungua hifadhidata, kompyuta huonyesha tiketi kuu na kupewa tiketi nyingine ya huduma ile tu. Seva ya hifadhidata huifungua kwa ufunguo wake yenyewe. Haioni nywila ya mtu, wala haihitaji kuihifadhi.

Jambo hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Seva ishirini zisizohifadhi nywila ni seva ishirini ambazo mwizi akizivunja hakuti nywila ya kuchukua.

“Itifaki ilikuwa moja,” anajibu msimamizi wa Linux, “lakini yaliyomo ndani ya tiketi hayakuwa wazi. Microsoft iliongeza humo taarifa zake kuhusu vikundi vya mtumiaji. Jamaa wa Samba, mradi ulioanzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikaa miaka wakichunguza data zinazopita mtandaoni ili wafumbue jinsi seva za Windows zinavyozungumza. Mpaka Tume ya Ulaya ikaingilia kati.”

Kesi hiyo imo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2004 Tume iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 kwa kutumia vibaya nguvu yake sokoni, na miongoni mwa amri zake ilikuwemo ya kutoa maelezo yatakayowezesha seva za wengine kuelewana na Windows. Mahakama ilithibitisha uamuzi huo Septemba 2007. Desemba mwaka uleule waandishi wa Samba walipata nyaraka kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Samba 4.0, iliyoweza kusimama yenyewe kama seva kuu ya Active Directory, ilitoka Desemba 2012. Anayewashangaa mafundi wa Linux wa rika lile kwa kutoamini upesi, aikumbuke miaka hiyo.

“Lakini leo ni leo, kaka,” anasema msimamizi wa Windows. “Amri moja, *realm join*, inaiingiza seva yako kikoani. Inaitafuta seva kuu kupitia DNS, inajiandikisha, inapata ufunguo wake. Baada ya hapo programu ya SSSD inashughulikia watumiaji. Mtu aliyeingia kwenye Windows asubuhi anafungua programu ya PuTTY na kuingia Linux kwa tiketi aliyo nayo. Hifadhidata ya PostgreSQL inaipokea tiketi hiyo. Seva ya tovuti ya Apache pia.”

“Amri ni moja, dada. Kazi inayoitangulia ndiyo inayokula wiki.”

Kazi yenyewe inahusu namba. Linux haimtambui mtu kwa jina. Inamtambua kwa namba, na faili likiandikwa hubeba namba ya mwenyewe. Katika matoleo mengi ya Linux mtumiaji wa kwanza wa kawaida hupewa 1000, anayefuata 1001, na kuendelea. Seva mbili zilizosimikwa na watu tofauti huwa zimegawa namba bila kuulizana. Kwenye seva ya ripoti 1001 ni mhasibu; kwenye seva ya ghala 1001 ni mtunza stoo. Zikianza kutumia diski moja kupitia mtandao, mtunza stoo anafungua mafaili ya mishahara na mfumo hauoni kosa lolote. Windows nayo hutumia kitambulisho kirefu cha aina nyingine kabisa, ambacho Linux haiwezi kukiandika kwenye faili kama kilivyo.

“Kwa hiyo lazima tuamue,” anaendelea msimamizi wa Linux. “Ama kila mtu aandikiwe namba yake ya Linux ndani ya Active Directory, kwa utaratibu uliowekwa katika RFC 2307 ya mwaka 1998, ama tuiache SSSD ikokotoe namba kutokana na kitambulisho cha Windows. Ikikokotoa, jibu ni lilelile kwenye kila seva yenye mipangilio ileile. Ninachokataa ni kila seva kugawa namba kwa kufuata nani ametangulia kuingia. Winbind ya Samba inaweza kusanidiwa hivyo, na wapo wanaoiacha hivyo. Siku seva ikisimikwa upya, wenye mafaili wamebadilika.”

“Na mafaili ya zamani?”

“Yote yabadilishwe umiliki kutoka namba ya zamani kwenda mpya. Usiku, nakala rudufu ikiwa imeshachukuliwa na kujaribiwa. Ruka hatua hiyo, na asubuhi utaambiwa mfumo mpya umefuta kazi za watu.”

Mwandishi anamwunga mkono fundi huyu bila kusita. Miongozo mingi huanza na ile amri moja, kwa sababu inapendeza kuonyesha, na namba zikaachwa pembeni kana kwamba ni jambo dogo. Kampuni mpya isiyo na mafaili inaweza kufanya hivyo. Yenye miaka kumi ya mafaili haiwezi.

Kuna pia saa. Kerberos hupima muda ili mtu asiibe ujumbe wa jana na kuutumia leo, na kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Seva yenye betri ndogo iliyokufa kwenye ubao mkuu, umeme ukikatika na kurudi, huamka ikidhani iko mwaka mwingine. Hapo hakuna anayeingia, na ujumbe anaouona mtumiaji hausemi neno kuhusu saa. Dawa ni kuziagiza seva zote za Linux zifuate saa ya seva kuu ya kikoa. Mipangilio yake haizidi mistari michache, na iwekwe kabla ya kuunganisha.

“Sasa nisikilizeni na mimi,” anasema msimamizi wa Linux, na hapa sauti yake inakuwa nzito zaidi. “Leo mwizi akiivunja seva yangu moja, amepata moja. Tukiunganisha, akiipata seva kuu amepata zote. Kuna ufunguo mmoja unaotia muhuri tiketi zote za kikoa. Benjamin Delpy, Mfaransa aliyeandika programu ya Mimikatz, alionyesha ulimwengu kwamba mwenye ufunguo huo anaweza kujiandikia tiketi ya mtu yeyote, kwa muda anaoutaka. Kuufuta kwenyewe ni kuubadilisha mara mbili, kwa kuwa mfumo huendelea kuukubali uliotangulia. Na si wizi tu. Tarehe 14 Desemba 2020 mfumo wa utambulisho wa Google ulikosa nafasi ya kuhifadhi kwa hitilafu ya mgao, na kwa karibu dakika 50 Gmail na YouTube hazikumtambua mtu. Kama Google yaliwapata, sisi ni nani?”

Msimamizi wa Windows hana jibu la haraka. Mkaguzi ndiye anayelijibu, na jibu lake linapitia Ghana.

Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya ilisambaa kutoka Ukraine ikiwa imefichwa ndani ya masasisho ya programu ya uhasibu. Miongoni mwa waathirika ilikuwa Maersk ya Denmark, ambayo makontena yake yanaonekana Mombasa kama yanavyoonekana Rotterdam. Kampuni ilikuwa na seva kuu za kikoa zipatazo 150 duniani, kila moja ikiwa nakala ya nyenzake. Waliopanga hivyo waliona inatosha: ikifa moja, nyingine zipo. Hawakutarajia zife zote kwa wakati mmoja, na ndivyo ilivyokuwa. Mwandishi Andy Greenberg, aliyesimulia mkasa huo mwaka 2018, anaeleza kwamba ilipatikana seva moja tu iliyo salama, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na mashine ilikuwa imezimika. Mtandao wa pale ulikuwa mdogo mno kutuma data zote Uingereza, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja wao asafiri mpaka Nigeria na kumkabidhi diski mwenzake aliyeipeleka London. Baadaye mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, alisema walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10.

“Wengine husimulia kisa hicho kama bahati,” anasema mkaguzi. “Mimi nakisoma kama orodha ya matakwa. Seva kuu zisipungue mbili, katika majengo tofauti. Na nakala ya tatu isiyounganishwa na mtandao wowote, inayosasishwa kwa ratiba, iliyofungiwa mahali. Ghana walikuwa nayo bila kupanga. Ninyi mpange.”

“Nami naongeza,” anasema msimamizi wa Linux, ambaye sasa anaonekana kulegea. “Kila seva ya Linux ibaki na akaunti moja yake yenyewe, isiyotegemea kikoa. Nywila yake ndefu, kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu, na daftari la kusaini kila inapofunguliwa. Siku kikoa kikifa, niingie niikarabati.”

“Hilo nakubali kwa mikono miwili.”

“Na ieleweke kwamba kufunga akaunti kwenye Active Directory hakumalizi kazi. Funguo za SSH, za kuingilia seva bila nywila, ambazo watu wameziweka kwenye akaunti za seva zenyewe hazifungwi nako. Lazima akaunti hizo zifutwe tukishahama. Tiketi ya huduma iliyokwisha kutolewa nayo hudumu mpaka muda wake uishe. Mtu aliyefukuzwa saa nne asubuhi anaweza kuwa nayo mpaka jioni, basi miunganisho yake ikatwe kwa mkono.”

Afisa utumishi anaandika.

Anachouliza kisha kinaugusa ukanda huu moja kwa moja. Kuna wauzaji wanaokuja na pendekezo la kuuweka utambulisho wote kwenye huduma iliyoko ng’ambo, kampuni ilipe kwa kila mtumiaji kwa mwezi, isiwe na seva kuu yake hata moja. Je, si nafuu kuliko haya yote?

“Kaka, kumbuka tarehe 12 Mei 2024,” anasema msimamizi wa Windows. Siku hiyo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ofisi ambayo seva yake iko chumba cha pili, lakini mlinzi wake wa mlango yuko bara jingine, ingeshindwa kufungua mafaili yake yenyewe. Huduma hizo zina nafasi yake, hasa kwa programu za wavuti zinazotumia itifaki za SAML au OpenID Connect. Hata hivyo daraja la namna hiyo linaweza kusimikwa ndani kwa programu huria kama Keycloak, ambayo huipokea tiketi ya Kerberos upande mmoja na kumtambulisha mtumiaji kwa programu ya wavuti upande wa pili. Tawi la Mwanza au Kisumu lenye mtandao unaokatika linahitaji ama seva kuu yake ndogo, ama SSSD iliyoruhusiwa kuwakumbuka watumiaji waliokwisha kuingia, ili waendelee na kazi mpaka mtandao urudi.

Hukumu ya mwandishi haiko katikati. Kampuni yenye seva za aina mbili iunganishe orodha zake, na iunganishe kwa sababu ya wanaoondoka. Pingamizi la msimamizi wa Linux kwamba ufunguo mmoja ni hatari moja kubwa ni la kweli, lakini hatari anayoilinda kwa kuacha orodha nyingi ni ileile iliyoiangusha Colonial Pipeline: mlango ambao hakuna aliyekumbuka kuwa upo. Hatari kubwa inayojulikana inaweza kulindwa kwa hatua ya pili ya uthibitisho, kwa wasimamizi wachache, kwa nakala iliyofungiwa. Akaunti isiyojulikana hailindwi na mtu. Mahali ambapo msimamizi wa Linux ameshinda ni kwenye mpangilio wa kazi: namba kwanza, saa pili, nakala na bahasha tatu, na ile amri ya kuunganisha mwisho kabisa. Kampuni isiyo tayari kulipia wiki hizo za maandalizi na isubiri.

Nawe msomaji, kama unashika funguo za seva za mahali pako, anza na kazi isiyohitaji bajeti wala kibali cha bodi. Chapisha orodha ya akaunti kutoka kila seva, hata ile ya zamani iliyoko pembeni mwa chumba. Ipeleke kwa afisa utumishi, kaeni pamoja, mpitie jina moja baada ya jingine mpaka kila akaunti ipate mwenyewe au ifungwe.